Wimbo wa Kitabu cha Sakina

Ukifika Mafiga, mjini Morogoro, ukauliza kwa Luqmani, watakuuliza Luqmani yupi, wa nyimbo au wa matofali. Wa matofali ana lori na nyumba ya vigae, na hapa hatuna haja naye. Wa nyimbo ana kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya bluu, ubavuni mwa mashine ya kusaga, na juu ya mlango amechora kwa mkono wake: TUNAINGIZA NYIMBO, TUNAAZIMISHA VITABU. Wateja wa nyimbo huja na flashi au memori kadi, anawajazia taarab, dansi, kaswida, singeli, chochote roho inachotaka, nao wanakwenda zao. Wateja wa vitabu ni wachache, na ndio wanaomchelewesha kula.

Wanamchelewesha kwa sababu Luqmani haazimishi kitabu hivi hivi. Kila kitabu kwenye rafu yake kina flashi iliyofungwa kwa uzi kwenye jalada, na ndani ya flashi mna nyimbo alizokichagulia kitabu hicho, sura kwa sura. Na vitabu vyenyewe ni vya aina moja tu, hadithi za vijana wanaokua: mvulana anayetoroka kwao, msichana anayefeli mtihani, mapacha waliopendana hadi mmoja akapata kazi. Vya upelelezi hana. Vya siasa usimtajie. Ukimuuliza mtu mzima kama yeye, ndevu zimeanza kuingia mvi, anatafuta nini kwenye vitabu vya watoto, anakasirika waziwazi.

"Si vya watoto," atakwambia. "Ni vya watu wanaoacha utoto. Hiyo kazi ni ngumu kuliko yako."

Akishasema hivyo anakuangalia kama anayejiuliza wewe uliacha lini.

Mambo haya yalimwanzia Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, alikokulia kwa baba yake. Alikuwa akiwauzia abiria mayai ya kuchemsha, na mabasi yakikatika alikaa juu ya kreti tupu akisoma riwaya aliyoiokota, ambayo kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimekwisha kufungia karanga. Mchana mmoja alifika mahali ambapo kijana wa kwenye hadithi anafunga mlango wa kwao kwa mara ya mwisho. Papo hapo basi likapunguza mwendo mbele yake, madirisha wazi, redio imefunguliwa hadi mwisho. Ulikuwa wimbo wa dansi, gitaa linachekacheka, mwimbaji anasifia harusi ya mtu. Haukuhusiana hata kidogo na alichokuwa anakisoma. Lakini Luqmani alisahau mayai, akakaa pale juu ya kreti analia, mvulana mzima, na hata yeye hakujua analilia nini.

Basi liliondoka na wimbo wake. Alikaa muda mrefu akiwauliza watu ule wimbo ni upi, akiwaimbia kipande chake kwa sauti ambayo Mungu hakumjalia, mpaka muuza kanda mmoja wa mjini Morogoro akautambua. Akamtambua na mwimbaji pia, yaani Luqmani, kwamba sauti hana ila sikio analo, akamchukua kazini. Ndivyo alivyoingia kwenye biashara ya nyimbo, na hajatoka mpaka leo. Vitabu alivipata baadaye kwa Mzee Sajjad, mwenye duka la vifaa vya shule, siku mzee huyo alipochoka kuuza riwaya.

"Watu wa hapa wanasoma jalada tu, halafu wanarudisha rafuni," Mzee Sajjad alimwambia. "Beba yote. Lakini ukinirudishia hata kimoja, dukani kwangu usikanyage tena."

Kutokana na lile basi la Mikese Luqmani alijitungia sheria zake. Hakichagulii wimbo kitabu ambacho hajakimaliza. Wimbo hautakiwi kurudia kile kitabu kinachosema, maana ukisoma huzuni huku unasikiliza huzuni utasinzia. Na kitabu ambacho hakijapata nyimbo zake zote hakitoki kwenda kwa mtu, hata mtu alie. Watu walimcheka. Sufiani, dereva bodaboda wa pale kona, alimcheka kuliko wote, mpaka siku alipoazima flashi ya kitabu bila kitabu, akaichomeka kwenye redio ya pikipiki, akarudi siku ya pili amekunja uso.

"Huyu dogo wa sura ya sita, mbona umemwekea kaswida? Amekufa?"

"Soma," Luqmani akamjibu.

"Niambie tu, kaka. Nina abiria."

"Soma."

Alisoma akiwa amelala chali juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani, na abiria akampita. Siku hizi ni mteja.

Lakini mtu aliyekuwa akimnyima Luqmani usingizi kwa hoja alikuwa Nasra, mtoto wa dada yake Maimuna. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mgeni wa kuleta biskuti siku ya Idi. Mjomba ndiye anayeulizwa. Na Nasra alibeba jina la marehemu mama yao, kwa hiyo Luqmani alimwita "mama" tangu akiwa kwenye nepi, na akimkaripia alimkaripia kwa adabu. Maimuna anauza mdalasini na pilipili manga soko kuu. Toka Nasra akiwa darasa la tano alikuwa akikaa kwenye benchi la kibanda kumsubiri mama yake arudi, na benchi lile likamfundisha kusoma kuliko shule. Alipoanza sekondari alikuwa ameshaanza kumkosoa mjomba wake.

"Mjomba, huyu kafeli jana," alisema siku moja, amevaa spika za masikioni, kitabu kwenye magoti. "Mtu aliyefeli jana hasikilizi wimbo huu."

"Anasikiliza nini?"

"Singeli. Tena kwa sauti ya juu, mpaka kichwa kimuume, asipate nafasi ya kufikiri."

Luqmani aliichukia singeli. Alisema ni mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe. Alikataa, akakasirika, akamwambia binti aende akamsaidie mama yake kupika. Kisha Nasra alipoondoka akaijaribu, kitabu mkononi, ukurasa wa yule mtoto aliyefeli, singeli inamgonga kifuani, na ilimbidi atoke nje asimame kidogo apate hewa. Akaubadilisha wimbo bila kusema. Nasra aligundua, naye hakusema. Walipendana hivyo, kwa ubishi, na sidhani kama kuna mmoja wao aliyewahi kulitamka.

Kulikuwa na kitabu kimoja kilichowashinda wote wawili. Jalada lilikuwa limeng'oka zamani na kuondoka na jina la kitabu na la mwandishi, kwa hiyo wao walikiita kitabu cha Sakina. Sakina ni msichana wa milimani, analelewa na bibi yake, hodari wa kupanda mipera kuliko wavulana wote wa kijijini. Siku moja anaambiwa asipande tena. Hadithi nzima ni hiyo, namna anavyokasirika, namna anavyowaona wavulana wakiendelea kupanda, namna bibi anavyomwangalia bila kumwonea huruma na bila kumcheka. Karibu na mwisho wanawake wanakuja, wanamkalisha kwenye mkeka, mlango unafungwa, na mwandishi anaandika maneno mawili: Sakina alisikia. Baada ya hapo kumekucha, Sakina anatoka nje, anaupita mpera, na hata hauangalii.

Luqmani alidhani ukurasa umechanwa. Alikagua mshono, alihesabu namba, hakuna kilichopungua. Basi akaanza kumtukana mwandishi kwamba ni mvivu, amefika penye utamu akatupa kalamu. Sura nyingine zote alizipatia nyimbo, tena nyimbo nzuri, lakini hapo penye mkeka kila alichokiweka kilidondoka. Taarab ilijua mno. Dansi ilichangamka mno. Kaswida iliifanya nyumba ile iwe msikiti, na haikuwa msikiti. Nasra naye alijaribu zake, zikadondoka vilevile. Miaka ikapita, na kitabu cha Sakina kikabaki rafuni bila flashi, hakiazimwi na mtu.

Basi Nasra akamaliza kidato cha nne, na Maimuna akaja kibandani siku ambayo si ya kuja, bado ananuka mdalasini wa sokoni, akaketi kwenye benchi la mwanawe.

"Luqmani, mtoto amemaliza shule. Kungwi Bi Mwaisha ameshaniuliza zaidi ya mara moja. Nilimwambia ngoja afanye mtihani, sasa ameshafanya. Tunampandisha kwetu Kinole akachezwe unyago."

"Dunia ya leo, dada?"

"Ya leo, ndiyo. Kwani mimi nilichezwa dunia ya nani?"

"Huyu amesoma. Angalia rafu yote hiyo."

"Vitabu vimemfundisha ya watu. Ya kwao atafundishwa na kwao." Maimuna akaikunja kanga yake magotini. "Sijaja kukuomba. Nimekuja kukuambia. Lakini wewe ndiye mjomba, ukikataa simpeleki."

Luqmani hakukataa siku hiyo, wala hakukubali. Alimsubiri Nasra mwenyewe, na alipokuja alimuuliza bila kuzunguka, kama anataka au anasukumwa.

"Nataka, mjomba," Nasra alisema. "Wasichana wangapi nimewasoma hapa wanaingia ndani halafu wanatoka? Kila mwandishi anafika mlangoni ananifungia nje. Sasa mlango ni wa kwetu, nibaki nje kwa nini?"

Luqmani akaridhia. Lakini moyoni alikuwa na hofu, na hofu yenyewe tuiseme ilivyo, maana yeye hakumwambia mtu. Hakuogopa ngoma. Aliogopa kwamba mtoto aliyeingia ndani si yule atakayetoka. Amewasoma mno vijana wa kwenye vitabu. Alijua kwamba wakivuka hawarudi kukaa walipokuwa wamekaa. Atapata mpwa mwenye heshima, anayepiga goti kidogo akisalimia, na benchi lake litabaki la watu wanaosubiri unga. Hicho ndicho kilichomkosesha raha, kupoteza mtu wa kubishana naye.

Bi Mwaisha, kungwi, ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Alimpa mjomba kazi moja tu, alete muziki siku ya kumtoa mwali. "Mji mzima unasema una nyimbo," alisema. "Tutaziona." Luqmani aliichukua kazi hiyo kama mtu aliyeajiriwa upya. Nyimbo za watu kucheza alizipanga kwa urahisi. Lakini alitaka mmoja uwe wa Nasra peke yake. Amewapa nyimbo watoto wa kubuni, wasio na mama wala kaburi. Huyu wa damu yake angemnyima?

Akaupata mahali asipotegemea. Miaka ya nyuma mama mmoja mtu mzima alimwachia memori kadi kibandani na hakuirudia tena. Ndani yake, katikati ya hotuba za mashehe na picha za wajukuu, mlikuwa na sauti ya bibi mmoja anaimba, bila chombo chochote, makofi tu. Kiluguru cha ndani kabisa, ambacho Luqmani, mtoto wa barabarani, alikishika nusunusu: chungu, maji, moto, mafiga matatu. Sauti ile ilimkumbusha mama yake akiwa jikoni. Aliusikiliza mara nyingi, kila mara akazidi kuupenda, akahitimisha kwamba ni wimbo wa kupika. Mpwa amebeba jina la bibi yake, na bibi anamwimbia wimbo wa jikoni. Kipi kingine kingefaa? Alijiona ameupatia kabisa.

Siku ya kumtoa Nasra, Kinole ilikuwa imetakata baada ya mvua, ukungu umejikusanya juu kabisa ya mlima, migomba inang'aa. Umeme wa kijijini ulikuwepo, jambo ambalo wenyeji walilisema kwa mshangao. Luqmani alifunga sabufa yake chini ya mfenesi, akakaa na wanaume wanaokula magimbi pembeni, kwa sababu wanaume siku hiyo kazi yao ni kula na kusubiri. Kisha mwali akatolewa. Alikuwa amepakwa mafuta, amefungwa kanga mpya, macho chini, anakwenda polepole kati ya Bi Mwaisha na kungwi mwenzake, na vigelegele vikapanda hadi kwenye ukungu. Luqmani alimwangalia akaona ni kweli, huyu amevuka. Alifurahi, akaumia, vyote kwa pamoja.

Alipiga taarab, mabibi wakacheza. Alipiga dansi ya zamani, wazee wakaacha magimbi. Watu wakaanza kumsifia, na sifa, kama ujuavyo, zina namna ya kumpandisha mtu kichwa. Akachukua kipaza sauti, akasafisha koo.

"Huu sasa," alitangaza, "ni wimbo wa mpwa wangu, nimemchagulia mimi mjomba wake."

Sauti ya yule bibi ikatoka kwenye sabufa, makofi yakafuata, ikasambaa uwanja mzima hadi bondeni. Kwanza ngoma ilikatika. Kisha wanawake watu wazima wakawadaka watoto wa kike na kuwaziba masikio kwa viganja. Wazee wa kiume waliinuka mmoja mmoja na sahani zao, bila kuulizana, wakaingia migombani. Wao hawakujua ni wimbo gani, ila walijua ni wa kuondokea. Luqmani alibaki amesimama na kipaza sauti, anatabasamu, anadhani watu wameguswa. Maimuna ndiye aliyefika wa kwanza. Aling'oa waya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa tayari ameshika ndara.

Mimi maneno ya wimbo ule siyajui, na ningeyajua nisingeyaandika. Itoshe kusema hayakuwa ya kupika.

Bi Mwaisha alikuja kwa hatua zake zilezile za siku zote. "Huu umeutoa wapi?"

"Kwenye memori kadi, bi mkubwa. Mtu aliisahau. Nilidhani ni wa jikoni."

"Wa jikoni!" Mwanamke mmoja nyuma aliangua kicheko, mwingine akadaka, na mara wote walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Bi Mwaisha peke yake hakucheka.

"Unajua wimbo wenyewe unasema nini?"

"Sijui, bi mkubwa. Wallahi sijui."

"Basi hilo ndilo lililokuponya," alisema.

Alitozwa faini pale pale: jogoo, doti za kanga kwa makungwi, na kuufuta wimbo mbele ya macho yao huku akiapa hatautafuta tena wala hatauuliza. Akaufuta, akaapa. Halafu, kwa kuwa aliyapenda mno mambo ya ndani, wakamkalisha kwenye mkeka na kumfunika kanga kichwani kama mwali, wakampaka unga usoni, akakaa hivyo mpaka chakula kilipoiva. Kupitia upindo wa kanga alimwona Nasra, upande wa pili wa uwanja. Mwali hainui macho wala hacheki siku hiyo, ni aibu kubwa. Nasra hakuinua macho. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hayakuacha kutikisika mpaka kungwi alipomfinya.

Mabega yale yalimpa Luqmani matumaini, na matumaini hayo yakafifia siku zilizofuata. Nasra alirudishwa Mafiga, akakaa ndani kama inavyotakiwa. Alipoanza kutoka, alipita kibandani akiwa na mama yake, akapiga goti kidogo, akasema "Shikamoo mjomba" kwa sauti laini ambayo hakuwa nayo zamani, akaendelea na njia. Luqmani aliichukia salamu ile. Alijibu marahaba, akaingia ndani, na siku hiyo akamjazia Sufiani mahubiri ya Injili badala ya singeli. Alikuwa mnyonge kabisa, wala hakujificha. Hata yule wa mashine ya kusaga alimletea chai bila kuombwa.

Kisha asubuhi moja akasikia benchi likilia mlio wake wa siku zote. Nasra alikuwa ameketi mahali pake, amevaa dira na kilemba, miguu ameikunja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Kitabu cha Sakina kipo?"

"Kitakwenda wapi, na hakina flashi?"

Akampa. Nasra alifungua palepale penye mkeka, akasoma yale maneno mawili, akarudi ukurasa wa nyuma, akayasoma tena. Luqmani alijifanya anapanga nyaya.

"Huyu mwandishi ni mwanamke," Nasra akasema.

"Nani kakwambia? Jalada halipo."

"Mwanamume angebuni kitu. Angejaza ukurasa. Huyu kaandika 'Sakina alisikia' akanyamaza. Mjomba, wewe ulimtukana bure. Hakuwa mvivu, alikuwa anajua."

"Kwa hiyo hapo wimbo upo?"

"Upo."

"Upi?"

"Mjomba."

"Nitajie mwanzo wake tu."

"Hapana."

Alilisema kwa heshima, na halikuwa na ufa hata kidogo. Lilimwingia Luqmani, likamuuma. Miaka yote hiyo wamegawana kila wimbo, leo mtoto ana mmoja usiogawanyika. Akakaa kwenye ndoo yake, akaangalia barabara. Nasra naye akaangalia barabara. Halafu akasema, polepole, kama anayemchomoa mtu mwiba:

"Ulikuwa nao."

Ilimchukua muda. Alipoelewa, mdomo ukabaki wazi. "Ule? Wa kupika?"

Nasra hakuitikia, hakukanusha, alifunga kitabu tu. Luqmani akaanza kucheka, akacheka mpaka wa mashine ya kusaga akachungulia. Miaka yote anautafuta, kumbe umo kwenye droo yake mwenyewe, katikati ya picha za wajukuu wa mtu.

"Na nimeufuta!"

"Uliapa."

"Niliapa, ndiyo."

"Na ukiurudisha, nitakwenda kumwambia Bi Mwaisha mimi mwenyewe."

Hapo mabega ya Nasra yalikuwa yanatikisika tena, na Luqmani akajua kwamba mtu wake wa kubishana amerudi, tena amerudi mkali zaidi. Furaha iliyompata ilimfanya aulize swali la kijinga.

"Basi kitabu kitoke vipi? Sheria ni sheria. Hapa nitaweka nini?"

"Weka kimya."

"Kimya hakiwekwi, mama."

"Kinawekwa. Unarekodi, hakuna anayesema."

"Cha urefu gani?"

Nasra alifikiri. "Cha urefu wake," alisema.

Walisubiri adhuhuri, wa mashine ya kusaga alipozima mtambo wake akaenda kuswali. Luqmani alifunga mlango, akaweka kipaza sauti juu ya meza kati yao. Nasra alifumba macho, akainua kidole, na mjomba akabonyeza. Nasra hakuimba. Hakupiga kofi wala kutikisa mguu. Lakini wimbo ulikuwa unapita ndani yake, kila mtu angeuona ukipita, shingo inauinamia, pumzi inausubiri mahali na kuufuata mahali pengine. Na katikati yake, uso ule wa kitoto aliouzoea ulitulia ukawa uso wa mama yake Luqmani, yule marehemu, kabisa, jinsi alivyokuwa akikaa mbele ya moto. Mjomba alikaa upande wake wa meza, nje ya mlango ambao hataingia, akaona kwamba hapo alipo panamtosha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, asije akaharibu kimya. Kisha Nasra akashusha kidole.

Jioni ile walifunga flashi kwenye kitabu cha Sakina kwa uzi mwekundu, na mtu wa kwanza kukiazima alikuwa Sufiani. Alisema mama yake haoni vizuri siku hizi, dada zake watamsomea.

Alikirudisha baada ya wiki, amekunja uso kama kawaida yake.

"Flashi yako mbovu, kaka. Kule karibu na mwisho haitoi kitu. Nimeongeza sauti, nimechomoa, nimepuliza, wapi."

"Mama yako alisemaje?"

"Ndio nakushangaa, sasa! Dada kasoma pale penye mkeka, nikawasha, kimya. Nataka kuizima, mama kanipiga mkono. Halafu wakaanza kupiga makofi, kaka. Wote, mama na dada zangu, pamoja, hakuna aliyehesabu. Wakanitoa nje kwenye nyumba ninayolipia kodi mimi."

Kwenye benchi, Nasra alikuwa ameinamia kitabu kingine, na mabega yake yalikuwa yameanza.

"Nzima hiyo, Sufiani," Luqmani alisema, akakirudisha kitabu rafuni mahali pake.